Kura Hairithiwi
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kisegi)



Leo tunataka kuitazama kura ya Raisi katika Homa Bay na Migori, tangu babu zetu mpaka watoto wetu.

Mwaka 1957, Waafrika walipochagua wajumbe wao wa Baraza mara ya kwanza, kura haikuwa ya kila mtu. Mtu alipimwa elimu, mali na mshahara. Mmoja alipata kura moja, mwingine tatu, na wengi hawakupata kitu. Nchi ilipata Raisi mwaka 1964, lakini mpaka 1992 mwananchi hakupewa nafasi ya kuchagua mmoja kati ya wawili.

Mwaka 1992 Wajaluo wengi wa hapa walimpa kura Jaramogi Oginga Odinga. 1997 wakampa mwanawe Raila. Basi watu husema kwamba sisi twafuata damu tu. Sivyo. Mwaka 2002 Raila alisema Kibaki atosha, nasi tukampa kura kwa wingi Mwai Kibaki, mtu wa Nyeri. Hiyo haikuwa damu, yalikuwa mapatano. Kutoka 2007 mpaka 2022 tulirudi kwa Raila. Na Oktoba 2017, uchaguzi uliporudiwa, Homa Bay na sehemu kubwa ya Migori hazikupiga kura kabisa. Tena Wakuria wa Migori mara nyingi walikwenda njia yao, nao ni wafanyi kazi kama sisi.

Raila alifariki tarehe 15 Oktoba 2025. Kura ya 2027 itakuja bila yeye, na wengi watabisha hodi wakidai kwamba urithi ni wao.

Ndugu, shamba hurithiwa, ng'ombe hurithiwa, kura hairithiwi. Tom Mboya, aliyezikwa kwetu Rusinga, alikuwa mtu wa chama cha wafanyi kazi, na mwaka 1957 alichaguliwa Nairobi, mji wa makabila yote. Yafaa tukumbuke hilo.

Kwa hiyo kila atakayekuja tumwulize: bei ya miwa ya Awendo je? Mvuvi atapata nini kwa samaki wake? Mshahara wa kibarua je? Asiyejibu, na apite.

Na vijana wajiandikishe mapema. Asiyeandikwa katika daftari hana la kuuliza siku ile.

Shime, ndugu. Umoja ni nguvu.