Mfunze Mtoto Kuwa Mgeni

Somo: Luka 2:41–52

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya safari. Si ile safari ya mbinguni, ambayo mmehubiriwa mara nyingi, bali safari hasa ya tiketi na mizigo, ambayo baba na mama huifunga pamoja na watoto wao wa shule kwenda nchi ya ng'ambo.

Huenda mmoja wenu akasema, "Hayo ni mambo ya watalii. Sisi yatuhusu nini?" Ngoja kidogo, ndugu. Yusufu na Mariamu hawakuwa matajiri. Hata hivyo Luka atuambia kwamba kila mwaka walikwenda Yerusalemu kwa sikukuu ya Pasaka, na Yesu alipokuwa na miaka 12 walikwenda pamoja naye. Huko akaketi kati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Tazameni jambo hilo! Mwana wa Mungu, akiwa mtoto wa umri wa shule, aliketi katika mji usio wake, kati ya watu wasio jamaa zake, akauliza.

Nyumbani kwetu tuna watoto wawili, binti wa miaka 12 na mvulana wa miaka 9. Tunapanga kwenda nao Bara Hindi mwezi wa Desemba, shule zikifungwa. Hatuendi na kampuni ya kutembeza watalii, ambayo humpokea mtu uwanjani, ikampakia katika basi, ikamlisha chakula kama cha kwao, kisha ikamrudisha bila kuzungumza na mwenyeji hata mmoja isipokuwa mpishi wa hoteli. Twataka kwenda wenyewe, tupande treni za watu wote, tuulize njia, tule wanachokula wenyeji.

Kwa nini Bara Hindi? Watu wa Mombasa waijua ile kengele ya zamani iliyopaita mahali Kengeleni, upande wa bara. Ni ukumbusho wa Freretown, mji ulioanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani. Lakini wengi hawajui kwamba baadhi ya wazee wa Freretown walitoka Bara Hindi. Walikuwa watoto wa Kiafrika waliotekwa na kupakiwa majahazini. Manowari za Waingereza zikawakamata wale waliowateka, zikawafikisha watoto hao Bombay, mji uitwao Mumbai siku hizi. Wengine wakapelekwa karibu na Nashik, penye kituo cha misheni kilichoitwa Sharanpur, maana yake mji wa kimbilio. Huko walijifunza kusoma, useremala na uhunzi, katikati ya watu ambao lugha yao hawakuijua. Mmoja wao, William Jones, alirudi Afrika mwaka 1864, na mwaka 1885 yeye na mwenzake Ishmael Semler wakawekewa mikono na Askofu Hannington kuwa mashemasi. Basi sisi Waanglikana wa Kenya tulipokea baadhi ya watumishi wetu wa kwanza kutoka mikononi mwa wageni. Twataka watoto wetu waijue njia hiyo kwa miguu yao.

Sasa twende kwenye matayarisho, maana safari ya watoto haipangwi kwa imani tupu. Tuna mambo matatu.

La kwanza, tayarisha mapema yale yasiyongoja. Kila mtoto ahitaji pasipoti yake mwenyewe. Viza ya Bara Hindi huombwa kwa intaneti. Kwa kuwa twatoka Kenya, kila mmoja wetu lazima awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na chanjo hiyo hukubaliwa baada ya siku 10. Asiyekuwa nacho aweza kutengwa hadi siku 6 afikapo. Desemba ni wakati mzuri, kwani mvua kubwa za huko huanza Juni mpaka Septemba. Tiketi za treni za mwendo mrefu zikatwe mapema, kwa sababu hujaa upesi. Lakini yaliyobaki, msiyafunge yote. Sisi tumeweka malazi ya siku tatu za kwanza tu, tukaacha nafasi ya kupumzika. Saa za huko ziko mbele ya zetu kwa saa mbili na nusu, na mtoto asiyelala vizuri hawezi kufurahia hata jumba la mfalme.

La pili, mpe mtoto kazi. Mtoto anayeburutwa kama mzigo hulia kama mzigo ulioangushwa. Binti yetu ndiye mshika ramani. Amekwisha kupata kwamba Nashik iko kilomita kama 170 kutoka Mumbai, na kwamba ni mji mtakatifu wa Wahindu juu ya mto Godavari. Mvulana ndiye mweka hazina wa vitu vidogo, chai na ndizi. Alicheka sana alipojua kwamba neno letu pesa lina asili huko, na kwamba babu za babu zake walitumia rupia hapa hapa kwetu hadi mwaka 1920. Akisikia mtu wa Mumbai akitaja gari au chapati, ataelewa. Kila mtoto amechagua jambo moja alitakalo yeye, nasi tumeahidi kulifuata, hata kama ni kutazama treni tu katika kile kituo kikubwa cha zamani, ambacho ni urithi wa dunia tangu mwaka 2004.

Na hapa tumkumbuke Mariamu. Walisafiri mwendo wa siku nzima wakidhani mtoto yumo katika msafara. Treni za mjini Mumbai hujaa watu kupita kiasi asubuhi na jioni, kwa hiyo tutazipanda saa za mchana. Kila mtoto atakuwa na karatasi mfukoni yenye anwani ya malazi na nambari ya simu. Tumekubaliana pia: ukipotea, simama pale pale ulipo. Usitutafute, sisi ndio tutakaokutafuta wewe.

La tatu, nalo ndilo kubwa, mfunze mtoto kuwa mgeni. Sisi Waafrika twajisifu kwa ukarimu, na ni haki yetu. Tumewafundisha watoto kukaribisha. Je, tumewafundisha kukaribishwa? Kukaribisha kuna heshima, maana nyumba ni yako na sufuria ni yako. Lakini mgeni hana kitu. Hajui wapi pa kuvua viatu. Hajui chakula kile huliwaje. Yampasa aulize kama mtoto, ashukuru, na akubali kuchekwa kidogo.

Na pengine hatachekwa tu. Lazima tuseme kweli. Waafrika wengine waliokwenda huko kusoma wamekodolewa macho na hata kutukanwa kwa sababu ya rangi yao. Mama watoto aliuliza, "Tukimpeleka binti yetu akatukanwa, tutamwambia nini?" Tulikaa na swali hilo siku nyingi. Mwishowe tuliwaambia watoto waziwazi kwamba jambo hilo laweza kutokea, kwamba litakuwa kosa la mwenye kutukana na si lao, na kwamba tutaondoka mahali hapo pamoja, tumeshikana mikono. Kisha tukawauliza, "Na mtoto wa Kihindi hapa kwetu, je, huitwaje shuleni?" Wakanyamaza. Mvulana akataja jina ambalo hatutalirudia redioni.

Ndugu zangu, hapo ndipo safari yetu ilipoanza, kabla ya kununua tiketi hata moja. Mungu aliwaagiza Waisraeli wampende mgeni, akawapa na sababu: wao wenyewe walikuwa wageni katika nchi ya Misri. Someni Kumbukumbu la Torati 10:19. Hakuwaambia wampende kwa sababu ni mzuri. Aliwataka wakumbuke vile ugeni unavyouma. Mtu asiyepata kuwa mgeni atakumbuka nini?

Twajua kwamba wengi wenu hamna nauli ya kwenda ng'ambo, na karo ya muhula ujao bado haijapatikana. Msione haya. Reli yetu ilijengwa na Wahindi zaidi ya 30,000 waliokuja kwa mkataba kati ya mwaka 1896 na 1901. Wengi walikufa, wengi walirudi kwao, na wengine walibaki. Kuna mtu anunuaye sukari duka lile lile miaka 20, wala hajui jina la mtoto wa mwenye duka. Msikilizaji mpenzi, Jumamosi hii mchukue mtoto wako, mwende mkamsalimu jirani ambaye hamjapata kuingia kwake, awe Mhindi, Msomali, au mtu wa kabila mnalolicheka. Mkikaribishwa chai, ketini. Mwache mtoto aulize maswali. Nauli ya kufika huko ni hatua chache tu, lakini wako wengi ambao hawajapata kuisafiri.

Na tuombe.

Ee Baba, Mwanao alikuja kwetu kama mgeni, na wengi hawakumfungulia. Walinde watoto wetu njiani, karibu na mbali. Wape macho ya kuona na masikio ya kusikiliza. Uwape nguvu ya kustahimili dharau bila kuwadharau wengine. Nasi wazazi utufundishe kubisha mlango kwa unyenyekevu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.