Nani Alibomoa? Jukwaa la Mtaa na Historia Simulizi ya Ng'ambo, Zanzibar



Mada niliyoichagua inakutanisha taaluma mbili ambazo vyuoni mwetu aghalabu huketi katika idara tofauti: historia simulizi na sanaa za maonyesho. Nitazikutanisha Ng'ambo, katika mji wa Zanzibar, kwa kuwa huko mitaa imejengwa, ikabomolewa, ikajengwa upya, na wakaazi hawajakoma kuisimulia. Dai langu ni kwamba masimulizi ya mji unaobadilishwa hayakamiliki yakiishia katika kinasa sauti. Yanahitaji jukwaa, tena jukwaa lililo mbele ya watu wanaoyajua.

Tulitazame kwanza jina. Ng'ambo ni upande wa pili wa maji, na hapana shaka kuwa aliyelitoa jina hilo alikuwa amesimama upande mwingine. Mkono wa bahari ulioutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo ulifukiwa katika karne ya 20. Jina la Darajani ndilo linalotukumbusha daraja lililokuwapo. Hata hivyo, mwaka 2000 Mji Mkongwe ulipoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia, ni kana kwamba maji yale yalirudi: upande mmoja urithi wa kuhifadhiwa, upande wa pili nyumba za kuendelezwa. Atlasi ya Ng'ambo iliyotolewa mwaka 2019, kutokana na mradi wa Ng'ambo Tuitakayo, ilisaidia kuisahihisha fikra hiyo. Lakini atlasi ni kitabu, nacho hakijibizani na msomaji wake.

Sasa tuingie Michenzani. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ardhi ilitaifishwa, na mwaka 1968 mtaalamu wa Ujerumani Mashariki, Hubert Scholz, alichora mpango mpya wa mji. Nyumba za udongo zikaondolewa, barabara pana zikakatiza mitaa, na kando yake yakapandishwa maghorofa marefu tunayoyaona hadi leo. Katika maandishi, habari hii huelezwa kwa kauli ya kutendwa: nyumba zilibomolewa, wakaazi walihamishwa, maghorofa yalijengwa. Sarufi yetu inaruhusu mtenda aachwe nje ya sentensi, nasi wanaisimu tunaupenda uwezo huo wa lugha. Jukwaa haliuruhusu. Mchezo ukifika mahali nyumba inapobomolewa, sharti pawe na mtu aliyeshika sururu, na mtazamaji atauliza: huyu nani?

Jibu si jepesi. Wananchi wenyewe waliitwa katika kazi za kujitolea za ujenzi wa taifa, na kujitolea kwenyewe hakukuwa hiari kwa kila mtu. Yamkini mkono uliochanganya saruji ulikuwa wa jirani wa yule aliyepoteza paa lake, kama si mkono wake mwenyewe. Baadaye huenda mtu huyo huyo alipata ufunguo wa nyumba yenye umeme na akaona fahari. Kitenzi kimoja kinabeba tamthilia tatu: tulihama, tulihamishwa, tulihamia. Mtafiti anayemhoji mzee mmoja chumbani huondoka na umbo moja la kitenzi hicho. Akiigiza kisa hicho uwanjani mbele ya mtaa, atayasikia yote matatu, na watakaoyasema watakuwa wanatazamana.

Wapo watakaosema kuwa jambo hili ni geni, limeletwa na warsha za wafadhili. Sikubaliani nao. Zanzibar ilikuwa na neno natiki kwa mchezo wa kuigiza kabla ya warsha hizo. Siti binti Saad, aliyefariki mwaka 1950, alikuwa mkaazi wa Ng'ambo, na nyimbo zake zilibeba kesi na visa ambavyo wasikilizaji walivijua. Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001, alionyesha jinsi wazee walivyozitumia nyimbo hizo kukumbuka na kufafanua mambo ambayo nyaraka za serikali ziliyaandika kwa jicho jingine. Wimbo wa Kijiti, unaohusu kisa cha mauaji, ni mfano ujulikanao sana. Fair aliandika pia kuhusu mgomo wa kodi ya ardhi wa Ng'ambo mwaka 1928. Tofauti iliyouzaa mgomo huo, kwamba mtu aweza kumiliki nyumba bila kumiliki kiwanja, ingali somo kwa yeyote anayezungumzia fidia.

Upande wa Bara, walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walifanya kazi Malya, mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Suala la huko halikuwa ubomoaji. Miongoni mwa yaliyojitokeza ni mimba za wasichana wa shule. Ninachokichukua kwao ni utaratibu: wanajamii hubainisha tatizo wenyewe, hulitia katika ngoma na maigizo wanayoyamiliki, kisha majadiliano huendelea ngoma inaponyamaza. Michezo mingi iliyofuata nchini imebaki na ngoma, ikaacha majadiliano. Mchezo ambao hitimisho lake limeandikwa katika ombi la fedha kabla mwigizaji wa kwanza hajapatikana ni tangazo tu, hata ukipigiwa msewe.

Pana hatari, nami siidharau. Historia simulizi humwahidi msimulizi siri. Jukwaa humweka hadharani. Yaliyotokea Zanzibar katika miaka ya 1960 bado yana watu wanaoumia na watu wanaoogopa. Kwa hiyo mhusika asifanane na mtu mmoja aliye hai. Ushuhuda wa watu kadhaa uunganishwe katika mhusika wa kubuni, na kila aliyetoa ushuhuda aone mazoezi kabla ya mtaa kuona mchezo, akiwa na haki ya kusema: hilo liondoeni. Likiondolewa, mtafiti asilirudishe kwa mlango wa makala.

Kuhusu kumbukumbu, tukinakili maneno ya waigizaji peke yake tutakuwa tumekusanya nusu ya matini. Kicheko, guno, na sauti ya bibi aliye nyuma anayesema kisima hakikuwa pale, kilikuwa karibu na mwembe, vinakiliwe pamoja na mchezo, kwa lafudhi na msamiati wa Ng'ambo, bila kusanifishwa. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 maghorofa ya Michenzani yakijengwa mwaka 1970 sasa amepita miaka 70. Wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu mwaka huu wanaweza kuanzia barazani kwake.