KUMFUNGA MBWA SI KUMTESA

(Maneno ya Katibu mbele ya wanachama wa ushirika, Sekenke. Yamebandikwa hapa kwa faida ya ambao hawakufika.)



Leo hatusemi habari ya bei ya alizeti, tunasema habari ya mbwa. Msicheke jamani, jambo hili ni la watu pia.

Katika kikao kilichopita yalitolewa mawazo mawili. Wengine walisema kila mbwa afungwe mchana na usiku, na atakayeonekana akizurura auawe. Wengine wakasema aachwe tu, mbwa ni mlinzi, akifungwa fisi watamaliza mbuzi. Tumeyapima yote mawili, na tumeona kila upande umeshika nusu ya ukweli.

Ni kweli mbwa wa kuzurura ni hatari. Barabara kuu ya Singida kwenda Nzega inapita kwenye mlima wetu, na malori hayamsubiri mbwa. Tena kuna kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu unakaa kwenye mate, na mtu akishaanza kuonyesha dalili hakuna dawa ya kumponya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria kuwa watu wapatao 1,500 hufa kwa ugonjwa huo kila mwaka katika nchi yetu. Watoto ni wengi miongoni mwao.

Lakini kumfunga mbwa ni jambo moja, na kumtesa ni jambo lingine. Iko Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008. Sheria hiyo inatambua kuwa mnyama ni kiumbe mwenye hisia, na kumtesa ni kosa. Msingi wake ni mambo matano: mnyama asikae na njaa wala kiu, asikae mahali pa taabu, asiachwe na maumivu, jeraha au ugonjwa, asitiwe hofu, na aweze kuishi kwa tabia yake ya asili. Sasa pimeni wenyewe. Mbwa aliyefungwa kwa waya juani, kopo lake la maji limepinduka tangu asubuhi, amenyimwa mangapi katika hayo matano?

Hata Wajerumani, ambao wakati wao mgodi wa dhahabu wa hapa Sekenke ulianza kazi mwaka 1909, huko kwao tangu Januari 2022 wamepiga marufuku kumfuga mbwa kwa kumfunga mnyororo, isipokuwa mbwa wa kazi kwa masharti maalum. Sisi hatuwezi kuwafuata kwa kila kitu, maana wao hawalindi mbuzi na fisi. Ila tukifunga, tufunge hivi:

1. Tumia ukanda mpana wa ngozi au kitambaa kigumu. Usitumie waya, wala kitanzi kinachojikaza. Vidole viwili vipite kati ya ukanda na shingo. Mtoto wa mbwa anakua lakini ukanda haukui, kwa hiyo ukague kila juma, usije ukamkata shingo.

2. Kamba iwe ndefu ya kumtosha kutembea, kulala na kujisaidia mbali na anapolala. Jua linahama na kivuli kinahama. Afungwe mahali ambapo atakifikia kivuli asubuhi, mchana na jioni. Asifungwe karibu na ukuta au ua anaoweza kuuruka akajinyonga.

3. Maji yawe kwenye chungu kilichofukiwa nusu ardhini, asikipindue.

4. Mwenye nafasi asimike nguzo mbili, avute waya kati yake na kutia pete. Kamba ifungwe kwenye pete, mbwa apate kutembea huku na huko.

5. Usiku afunguliwe ndani ya boma. Hiyo ndiyo saa ya kazi yake. Mbwa anayefungwa siku zote anakuwa mkali hata kwa watoto wa nyumbani.

Sasa tusikilizane vizuri. Mbwa akimng'ata mtu, kwanza jeraha lioshwe kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, na mtu aende kwenye matibabu siku ile ile. Asingoje kuona mbwa atakuwaje. Pili, mbwa asiuawe kwa hasira. Kama anaweza kufungwa bila kuhatarisha mtu, afungwe na bwana mifugo aitwe amwangalie kwa siku 10. Akiwa mzima baada ya siku hizo, tutajua hakuwa na kichaa siku aliyong'ata. Tukimuua na kumtupa, tutabaki na hofu bila jibu. Ila akiwa tayari ana dalili za kichaa, msimsogelee. Mwiteni bwana mifugo upesi.

Na kamba peke yake haitoshi, maana mbwa mwenye kichaa anaweza kumfuata wa kwako pale pale alipofungwa. Kinga ni chanjo kila mwaka. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia. Tukiwaua wote, watakuja wengine kutoka vijiji vingine, nao hawajachanjwa. Tutakuwa tumefanya kazi bure.

Kwa hiyo basi, tunapendekeza hoja hii ipelekwe kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji. Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 inaipa Halmashauri ya Kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, zikishaidhinishwa na Halmashauri ya Wilaya. Yetu iseme hivi: kila mbwa awe na mwenyewe anayejulikana, achanjwe kila mwaka, mchana afungwe kwa namna tuliyoitaja, usiku alinde boma.

Mwenye wazo bora zaidi aje nalo mkutanoni. Asiyejua kusoma, jirani amsomee karatasi hii.

Umoja ni nguvu.

Katibu