Maporomoko ya Nyahururu

Leo nawapa habari za matembezi yetu, mimi na mke wangu na watoto wawili, huko Nyahururu, Kenya, mahali ambapo mto Ewaso Narok huanguka mita zaidi ya 70. Joseph Thomson alipita huko mwaka 1883. Wenyeji, bila shaka, walikuwa wakiyajua zamani.

Njia ya kushuka bondeni ni fupi, lakini mawe yake hulowa manyunyu. Tulipofika nusu, kitinda mimba wetu aliteleza. Mama yake akamdaka mkono. Kifungua mimba akalia, akitaka tufike chini. Nikakataa. Tukapanda polepole, kwani nchi ile ina kimo cha mita zaidi ya 2,300, na pumzi hukatika upesi. Tukaketi juu, tukala viazi vyetu, tukisikiliza mshindo wa maji.