Mfereji wa Hesabu na Haki ya Mwanachama

(Hotuba ya Mkaguzi wa Ushirika kwa makatibu na watunza hesabu wa vyama vya msingi, Karatu)



Nimeombwa niseme juu ya kompyuta katika ofisi ya chama, na hasa juu ya kuiendesha kwa amri zinazoandikwa badala ya kubonyeza picha kwenye kioo. Huenda mtu akauliza: jambo hili la mafundi lamhusu nini mkulima wa mbaazi wa Daa au wa kitunguu wa Mang'ola? Lamhusu kwa kuwa fedha yake hupita humo kabla ya kufika mkononi mwake.

Msimu mmoja nilikagua chama ambacho sitakitaja jina. Kilikuwa na vituo vitatu vya mizani. Kila kituo kilileta faili lake. Kompyuta ikayaunganisha, ikalinganisha majina na daftari la wanachama, ikatoa makato ya pembejeo, kisha ikachapa orodha ya malipo. Kazi ya siku mbili ikawa ya dakika chache, na kila mtu akaisifu. Siku ya malipo alifika mama mmoja mtu mzima, stakabadhi yake ya mizani ameikunja ndani ya kitambaa. Jina lake halikuwamo. Karani akamwambia, "Mama, kompyuta haikuoni." Naye akajibu, "Mwanangu, mizani iliniona."

Tulipofuatilia, tulikuta kwamba faili la kituo chake lilifika tupu. Mashine haikusimama. Iliunganisha vituo viwili na utupu mmoja, ikatoa orodha safi yenye mistari iliyonyooka. Hakuna aliyeiba, lakini wanachama wa kituo kizima walikuwa wamefutika. Walilipwa baadaye kwa sababu walitunza stakabadhi zao. Je, aliyepoteza yake angeipata wapi haki yake?

Ndugu zangu, kazi ya namna hii ni mfereji. Mwaka 1964 mtaalamu wa Marekani, Doug McIlroy wa maabara ya Bell, alipendekeza programu ziungwe moja kwa nyingine kama inavyoungwa mipira ya kumwagilia bustani. Mwaka 1973 mwenzake Ken Thompson aliutia mpango huo katika mfumo wa Unix. Tangu hapo, mtu huandika amri moja, huweka mstari mdogo wa wima, kisha huandika amri ya pili. Kinachotoka katika ya kwanza huingia katika ya pili. Moja huchuja, nyingine hupanga, nyingine hujumlisha.

Mkulima wa Mang'ola akiona maji yamepungua shambani hailaumu ardhi. Huufuata mfereji kuelekea juu, lango kwa lango, hadi aone palipobomoka. Mtunza hesabu naye hana budi kufanya hivyo, na hapa amri iliyoandikwa ina faida kubwa kuliko kubonyeza. Aliyebonyeza haachi alama ambayo mkaguzi ataisoma kwa urahisi. Amri zilizohifadhiwa katika faili ni hati: zinasomeka, zinarudiwa vile vile, na mtu wa pili anaweza kuzihakiki.

Lakini tusidanganyike. Katika mfumo huo kila programu ikimaliza hutoa namba: sifuri maana yake kazi imekwisha salama, namba nyingine maana yake kuna kosa. Zikiungwa kadhaa, kwa kawaida mfumo hutangaza namba ya ile ya mwisho tu. Ya kwanza yaweza kuanguka, ya mwisho ikamaliza salama, nawe ukaambiwa yote ni mema. Ndiyo maana fundi huagizwa aweke mwanzoni sharti liitwalo "pipefail", ili kosa la katikati lisifichike. Hata sharti hilo lisingemwokoa yule mama, kwa maana faili tupu si kosa machoni pa mashine. Ni kosa machoni pa binadamu anayejua kwamba kituo kile kilipima mazao siku ile.

Nchi yetu ina historia katika jambo hili. Kompyuta ya kwanza iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya jaribio la kuendesha hesabu za Serikali kwa mashine kuleta vurugu. Marufuku hiyo ilikwisha zamani, lakini funzo lake lingali nasi: mashine huongeza kasi ya utaratibu uliopo, uwe mzuri au mbovu.

Kwa hiyo naomba kila chama kizingatie mambo sita.

Kwanza, mafaili ya mizani yasihaririwe kamwe. Sahihisho liandikwe katika faili lake, pamoja na sababu na jina la aliyelifanya.

Pili, amri zote zikae katika faili moja lenye tarehe, lisomwe na watu wawili. Amri ya kukumbuka kichwani si amri ya chama.

Tatu, kila lango lihesabu. Idadi ya stakabadhi na jumla ya kilo zilizoingia ziwe sawa na zilizotoka pamoja na zilizokataliwa. Zisipolingana, kazi isimame papo hapo. Na kabla ya lango la kwanza, hesabu ya mashine ilinganishwe na kitabu cha stakabadhi cha kila kituo.

Nne, majina yaliyokataliwa yasitupwe. Yaandikwe katika orodha ya peke yake, na katibu aisome yote kabla ya malipo.

Tano, kila mwendo uache kumbukumbu: nani aliendesha, saa ngapi, mafaili gani, jumla zipi.

Sita, kazi ikirudiwa isilete malipo mara mbili. Kila stakabadhi iwe na namba yake, na iliyokwisha kulipwa itiwe alama.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Leo daftari limehamia katika mashine, lakini mali ni ile ile na mwenyewe ni yule yule. Nikija kukagua, sitauliza kompyuta yenu ni ya aina gani. Nitachukua stakabadhi moja kutoka kwa mwanachama mmoja, nami nitawaomba mnionyeshe njia iliyopita, kutoka mizani hadi malipo. Mkiweza kunionyesha, mfereji wenu ni mzima.