Bunduki Peke Yake Hailindi Mali ya Inchi

Maneno yaliyosemwa Bunia mbele ya wafanyakazi wa migodi na watu wa mji



Wengi wanatuuliza: wafalme wa Arabuni wenye petroli, usalama wao unatoka wapi? Wengine wanajibu upesi: kwa askari wa Ulaya na Marekani. Sisi tunasema jibu hilo ni nusu tu.

Tazameni Oman, ambako hata leo wako watu wengi wanaosema Kiswahili kama sisi. Sultani Said bin Taimur alitawala tangu 1932, na Waingereza walimlinda. Mwaka 1967 alianza kuuza petroli inje. Lakini shule zilikuwa tatu tu, na watu wa Dhofar walikuwa wamekwisha kushika bunduki tangu 1965. Tarehe 23 Julai 1970 mwana wake Qaboos alimwondoa, na Waingereza wale wale walisaidia.

Qaboos naye alitumia askari wa Uingereza na wa Iran. Lakini hakuishia hapo. Aliwasamehe waasi waliojitoa, akajenga shule, hospitali na barabara, akawaita Waomani waliokuwa inje. Wengi walirudi kutoka Unguja. Kufikia 1976 vita vilikwisha. Hata hivyo, mwaka 2011 vijana wa Sohar walijaa barabarani kudai kazi. Basi hata feza ya petroli haimtulizi mtu asiye na kazi wala sauti.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 2003 askari wa Ulaya walikuja kulinda Bunia. Mji ulipumua, lakini vijijini watu waliendelea kuuawa. Mwaka 2021 Ituri iliwekwa chini ya utawala wa askari, na mauaji hayakukoma. Zahabu ya Kilo ilijulikana tangu 1903. Ng'ambo ya Ziwa Albert, Uganda walivumbua petroli mwaka 2006. Wageni watakuja tena.

Sisi hatuna mfalme wa kutugawia, tuna sheria. Sheria ya migodi ya 2018 inasema: katika kila franka 100 za ushuru wa madini ambao makampuni yanalipa, 25 ni za jimbo, na 15 ni za utawala wa mahali madini yanapotoka. Tuulize, wandugu: zimejenga shule gani? Zimetengeneza barabara gani? Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tuulize pamoja, Wahema na Walendu, Waalur na Wabira, na wote wanaokaa hapa. Wakitukuta tumegawanyika, zahabu italindwa na sisi tutazikwa. Wakitukuta tumeungana, watatoa hesabu.