Mwalimu wa Dansi na Binti wa Mgeni

Leo tuzungumze juu ya filamu. Si zote, ni za aina moja tu: zile za mapenzi ambazo ndani yake mtu anafundishwa kucheza dansi. Hadithi yake huikosei hata ukiingia ukumbini nusu saa baada ya kuanza. Mmoja anajua kucheza, mwengine hajui. Mmoja ana fedha, mwengine hana. Wanakanyagana vidole, wanagombana, na kabla taa hazijawashwa wamekwisha kupendana.

Wahindi walizitengeneza zamani. Katika Jhanak Jhanak Payal Baaje ya mwaka 1955, binti wa kitajiri anajifunza kathak kwa mzee mmoja bingwa, akampenda mtoto wa mwalimu, na mwalimu akaja juu, kwani kwake yeye sanaa na mapenzi havikai chungu kimoja. Wajapani nao mwaka 1996 walitoa yao, ya mhasibu mwenye mke anayejiandikisha darasa la dansi kwa siri, kisa mwanamke aliyemwona dirishani yeye akiwa ndani ya treni.

Lakini inayonishughulisha ni Dirty Dancing ya Wamarekani, ya mwaka 1987. Wengi huikumbuka kwa muziki, na kwa Patrick Swayze akimnyanyua msichana juu ya kichwa. Mimi huikumbuka kwa hoteli. Ni majira ya joto ya mwaka 1963. Daktari mmoja amekwenda mapumzikoni na mkewe na mabinti zake wawili. Mwenye hoteli anawapanga wafanyakazi wake makundi mawili. Wahudumu wa meza ni wanafunzi wa vyuo vikuu. Hao wanahimizwa wawachangamshe mabinti wa wageni. Wacheza dansi ni watoto wa makabwela. Hao wafundishe hatua, basi, na mikono yao wairudishe mifukoni.

Yanayofuata mnayajua. Penny, mwenzake Johnny wa kucheza, amepata mimba na usiku fulani hataweza kupanda jukwaani. Binti wa daktari anajifunza ili ashike nafasi yake. Na nani aliyempa Penny ile mimba? Ni mmoja wa wale wahudumu wa chuo walioruhusiwa! Lakini daktari anamshuku Johnny. Baadaye pochi ya mgeni inapotea, Johnny anashukiwa tena, na ushahidi pekee wa kumwokoa ni kwamba usiku ule alikuwa na binti wa mgeni. Wizi anaepukana nao, kazi anafukuzwa.

Sasa twende Jambiani. Watu wa kijiji kile waliishi kwa uvuvi na kamba za makumbi, na tangu mwaka 1989 kina mama wakaanza kulima mwani. Leo pwani yake imejaa hoteli. Usiku wa ngoma mgeni akishamaliza kula huvutwa uwanjani, hufungwa kanga kiunoni, hufundishwa kukata kiuno kwa dakika kumi, hupigwa picha. Ngoma ya msondo kwa asili ni ya unyago. Mwari hufundishwa na somo, mtu mzima mwenye heshima yake, na mafunzo yale ni ya ndoa, si ya kuteremshia chakula. Najua mtaniambia Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliipandisha jukwaani mbele ya dunia nzima. Kweli. Lakini Bi Kidude alikuwa ndiye somo, na alipanda kwa jina lake.

Kijana mmoja mcheza ngoma wa hoteli ya huko, ambayo sitaitaja, alinieleza amri anayofanyia kazi. "Kaka, usiku naambiwa nimshike mgeni mkono nimfundishe, nicheke naye, asione haya. Asubuhi akinisalimu ufukweni nikasimama naye, naitwa papasi." Mwenzake mmoja alisimama. Siku ya pili hakupangiwa ngoma, wala ya tatu.

Msinielewe vibaya. Siwatetei vijana wanaowawinda wageni, na mwenye hoteli ana haki ya kuwalinda waliolala kwake. Ninalolikataa ni biashara inayouza ukaribu wa kijana yule usiku, kisha ikamwadhibu kwa ukaribu huohuo kulipokucha. Kama kuna mpaka, uandikwe, mgeni ausome na mchezaji ausome. Mgeni naye aambiwe, maana mara nyingi yeye ndiye anayeanza salamu!

Katika filamu Johnny anarudi usiku wa mwisho, anamchukua msichana mbele ya baba yake, ukumbi mzima unasimama kucheza. Kama alirudishiwa kazi hatuonyeshwi. Nilimuuliza kijana wa Jambiani mkataba wake unasemaje juu ya mtu kuondolewa. Alicheka. Mkataba wake ni wa mdomo, na analipwa kwa usiku.